Mgeni wa Ukurasa wa Ndoa

Tangu ujanani watu walimwita Antena, na jina likamganda hata baada ya kazi yenyewe kufa. Alikuwa fundi wa kupandisha antena za televisheni juu ya mapaa, kazi ya kuzungusha bomba taratibu huku ukiwapigia kelele walio chini: "Sasa? Na sasa?" Visahani vya setilaiti vilipoingia, kazi ikamponyoka, lakini ile "na sasa?" haikumtoka. Akiketi, goti lilicheza. Akisimama, alizunguka. Mezani alikuwa ameshanawa mikono wakati wenzake bado wanatafuta chumvi. Mkewe alikuwa akisema kwamba yeye aliolewa na upepo, tofauti ni kuwa upepo kuna saa hutulia.

Sasa alikuwa katibu wa chama kidogo cha watu wenye kifafa na jamaa zao. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na kila aliyekuja. Aliingia chamani kwa ajili ya mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa, ambaye tangu utotoni alikuwa akianguka. Baba wa mtoto alikuwa ameshafariki, na mama, fundi cherehani, hakuweza kufunga kibanda kila mara. Basi aliyembeba mgongoni kwenda kliniki alikuwa mjomba mtu. Mungu si Athumani, dawa zikamkubali. Binti akasoma, akakua, akapata kazi kiwandani kwa wachapaji, kukagua makosa kabla vitabu havijaingia mashineni, na kwa miaka mingi hakuanguka tena. Mama yake akaufungia ule ugonjwa kinywani na kumeza ufunguo. Ndugu yake alipojiunga na chama hakumkataza, ila alimwonya: afanye kazi ya watu, nyumba yake asiitaje.

Chama kilikuwa na tovuti ya kurasa chache: kifafa ni nini, mtu akianguka ufanyeje, dawa, shule, kazi, ndoa. Katika mkutano mmoja, mjumbe mwenye umri mkubwa kuliko wote aliuliza kama kuna mtu anayeisoma hiyo tovuti, au ni wao wenyewe wanaimba na kujipigia makofi. Wakatazamana. Hakuna aliyejua. Mwenyekiti, muuguzi mstaafu aliyekuwa bado na ile sauti ya chini ya wodini, akamgeukia katibu. Alimtaka atafute chombo cha kuhesabu wageni wa tovuti, ajaribu, achague, alete hoja zake kikao kijacho. Hata wafadhili walikuwa wameanza kuuliza, na huwezi kumjibu mfadhili kwa kukuna kichwa.

Aliyeitengeneza tovuti alikuwa jirani wa ofisi, mtu wa maneno machache ambaye chakula chake cha mchana alikula akiwa amesimama. Huyo alimfungia Antena vyombo vitatu kwa majaribio, akampa na nasaha moja: kabla ya kuchagua, aamue kwanza anataka kujua nini. Antena akajibu kwamba anataka kujua kila kitu. Fundi akatafuna, akameza, akaenda zake.

Chombo cha kwanza kilikuwa cha bure na ndicho watu wengi walikuwa nacho. Antena alikifungua akajiona kama abiria aliyekalishwa kwenye kiti cha rubani. Michoro, mishale, asilimia juu ya asilimia. Alibofya hapa akatokea kule, na njia ya kurudi hakuiona. Alikiacha. Cha tatu kilikuwa kinyume chake: ukurasa mmoja mweupe, wenye idadi ya waliofungua kila ukurasa na muda ambao watu kwa jumla walikaa hapo. Basi. Hakikubandika alama yoyote kwenye simu ya mgeni ili akirudi ajulikane, wala hakikuhifadhi habari za mtu mmoja mmoja. Antena alikiona kimepooza, kama redio inayosoma bei za mazao.

Lakini cha pili! Cha pili kilikuwa na ramani. Mtu akiingia kwenye tovuti, nukta ya kijani iliwaka palepale juu ya mji wake. Ukiigusa nukta, ilikwambia simu yake ni ya aina gani, amefika mara ngapi, ameanza ukurasa upi, ameishia upi, kidole chake kimesita wapi. Antena alivuta kiti, na kwa mara ya kwanza watu wa ofisi walimwona akikaa.

Akawa mtu wa nukta. Asubuhi alifika kabla duka la chini halijafungua milango. Barua za chama zikalala bila majibu, chai ikapoa. Nukta ikiwaka mji wa mbali alifurahi kama aliyepokea mgeni mlangoni, ikizimika alihuzunika. Mwenyekiti alipochungulia na kuuliza kazi inaendaje, alijibu kwamba bado anapima.

Ndipo alipomgundua yule mgeni. Alikuwa wa mji huohuo wao. Hakufungua ukurasa wa dawa wala wa shule. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wenye kichwa "Je, mtu mwenye kifafa anaweza kuoa au kuolewa?", akakaa kidogo, akatoka. Kesho yake akarudi. Keshokutwa akarudi tena, ukurasa uleule, akishuka nusu kisha anaondoka, kama mtu anayefika kizingitini kwa watu akaghairi kubisha hodi. Antena akaigusa nukta aone simu yake. Aina ile aliijua. Aliiona kwa macho yake juu ya meza ya dada yake, siku mchumba wa mpwa wake alipokuja na wakubwa zake kujitambulisha.

Hapo akainuka kitini.

Mchumba alikuwa fundi miwani, kijana mpole wa mikono safi, na watu wake walikuwa wamekubaliwa. Kilichobaki kilikuwa siku ya kukaa pamoja na kupanga tarehe ya harusi, na siku hiyo ilikuwa inakaribia. Antena akaunganisha nukta na simu, simu na kijana, kijana na ukurasa, akapata picha kamili. Kijana amesikia. Nani amemwambia? Na mbona anasoma kwa kujificha, kama si kwamba anatafuta mlango wa kutokea? Usiku aligeuka kitandani mpaka mkewe akahamia kwa watoto. Mchana aliinuka kila baada ya mstari mmoja wa barua kwenda kuitazama ramani. Mkewe alimuuliza kama amekalia siafu. Akasema ni mambo ya takwimu.

Ilipomzidia, alichukua kisu cha jikoni, akailegeza skurubu ya miwani yake mwenyewe, akaenda dukani kwa yule kijana. Mchumba alimpokea kwa heshima zote, akamwekea kiti, ambacho Antena hakukikalia. Simu ilikuwa kwenye kaunta, kioo kikitazama chini. Antena akauliza kwa kuzunguka kama kijana ni msomaji wa mtandaoni. Kijana akasema husoma habari za mpira na za lenzi. Antena akauliza habari za lenzi tu? Kijana akafikiri kidogo, akasema na hali ya hewa.

"Ila mjomba," alisema akimrudishia miwani, "hii skurubu haikulegea. Imefunguliwa kwa kisu."

Alikuwa anatabasamu. Mtu mwingine angeona aibu, akacheka naye, mambo yakaishia hapo. Antena aliona lile tabasamu akaona ushahidi.

Kutoka pale miguu ilimpeleka yenyewe kwa dada yake. Alimkuta anashona sare za shule, akamwambia amesimama, kofia mkononi: kijana anajua. Dada alisimamisha mguu juu ya pedali. Hakuuliza amejuaje, mtu anayeogopa jambo miaka mingi hahitaji ushahidi siku linapotajwa. Alisema tu kwamba heri wao watangulie kurudi nyuma kuliko kusubiri kurudishwa mbele za watu. Antena, ambaye alikuja kutua mzigo, aliondoka akiwa mwepesi njia nzima hadi kona ya duka la mikate. Pale kwenye kona akaanza kujiuliza amefanya nini.

Dada mtu hakulaza damu. Jioni ileile alituma neno kwa wakwe watarajiwa kwamba siku ya kupanga tarehe isogezwe. Shangazi wa kijana, mwanamke asiyekubali jibu nusu, akaja mwenyewe asubuhi kuuliza kulikoni. Akabana, akabana, mpaka fundi cherehani akashindwa kuvumilia akayatoa yote: kifafa, kliniki, dawa ambazo binti anameza hadi leo. Na shangazi yule hakuwa mtu wa kuweka neno kifuani. Ukimwambia yeye umemwaga mtama kwenye kuku wengi. Kufikia adhuhuri ukoo mzima wa kijana ulikuwa unadonoa.

Mpwa alifika ofisini alasiri, bado amevaa kitambulisho cha kiwandani. Siku zote akiingia alimtania mjomba wake, akiuliza kama leo picha inaonekana au ina chenga. Leo alifunga mlango nyuma yake.

"Mjomba, nani alikwambia kwamba mchumba wangu hajui?"

Antena alisema hakuna aliyemwambia; ameona mwenyewe. Akamgeuzia kompyuta, akaanza kueleza ramani, nukta, aina ya simu, ukurasa unaofunguliwa na kufungwa. Kadiri alivyoeleza, ndivyo maelezo yalivyozidi kuwa membamba mdomoni mwake. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyosoma kurasa zake kazini, bila kuruka mstari.

"Simu hiyo anayo nusu ya mji huu," alisema. "Na yeye nilimwambia mwaka jana, kabla hata hajafika nyumbani. Aliniuliza nikianguka afanye nini. Nikamfundisha. Basi, yakaisha. Tulikuwa tunatafuta siku nzuri ya kuwaambia wakubwa zake, sisi wenyewe, kwa maneno yetu. Sasa wameambiwa na shangazi."

Goti la Antena, ambalo halikuwa limetulia tangu ramani ilipofunguliwa, likasimama.

Ndipo nukta ikawaka. Wote wawili waliiona. Mji uleule, simu ileile, ukurasa wa ndoa. Simu ya binti ilikuwa mkobani, mkoba begani. Mchumba wake, aliyemsindikiza, alikuwa chini mlangoni pa duka, wakimwona kupitia dirishani akimsaidia mtu kupakia bomba za maji kwenye gari, mikono yote miwili ikiwa na kazi. Nukta haikuwa yeye, haikuwa wao. Ilikuwa ni mtu. Ikashuka ukurasa hadi katikati, ikasita, kile chombo kikaonyesha hata mahali kidole kilipokaa. Binti akasogea karibu na kioo.

"Nilipokuwa kidato cha pili," alisema taratibu, "nilikuwa nakwenda maktaba kusoma habari za ugonjwa wangu. Kitabu nilikiweka ndani ya atlasi. Siku moja mkutubi akapita nyuma yangu akasimama. Hakusema chochote, alisimama tu. Sikurudi tena maktaba ile." Akaelekeza kidole kwenye kioo. "Kizime, Mjomba. Huyu hajui kwamba kuna watu wawili wamesimama nyuma yake."

Antena alinyoosha mkono akaifunga ramani. Mpwa wake aliaga kwa kusema kwaheri, neno kamili, bila mzaha, kama anavyoagwa mzee wa mtaa wa pili. Ilimuuma kuliko tusi.

Siku zilizofuata hazikuwa na raha hata kidogo. Alimwita yule fundi wa kula amesimama, wakakiondoa chombo cha pili pamoja na kumbukumbu zake zote. Alikwenda kwa dada yake akakiri kwamba alikisia. Dada alimtazama juu ya sindano, akamwambia kuna watu hukisia vipimo wakaharibu nguo. Yeye amekisia akaharibu harusi. Alikwenda na kwa shangazi wa kijana, akazungushwa uani kwa saa nzima bila kukaribishwa ndani. Nyumbani hakulala, ofisini hakuandika. Alitembea mji ule hadi soli ya kiatu ikafunguka mdomo. Njiani kila aliyekuwa ameinamia simu alimfanya ajiulize kama ndiye, kisha ajikemee kwa kujiuliza.

Mwenyekiti alipomwita, alimweleza yote, pamoja na kisu na skurubu. Mama yule alisikiliza bila kubadilisha uso.

"Umelikoroga," alisema. "Linywe. Lakini kikaoni uje na hoja zako kama nilivyokuagiza."

Kikao kikafika. Mjumbe aliyeuliza lile swali la kwanza alikuwa ameshasikia habari za ramani, na aliitaka. Alisema wafadhili wanapenda picha. Ukiwaonyesha nukta zinawaka miji kwa miji, hawaulizi la pili. Wawili watatu wakaitikia kwa vichwa. Antena alisimama. Kwanza alisema mambo ya kawaida, kwamba chombo cha tatu ni chepesi, kinafahamika na yeyote, na kinajibu lile swali waliloliuliza: watu wanasoma, na wanasoma nini. Mjumbe akasema hiyo ni kama kuchagua kufumba jicho moja. Hapo Antena akaweka karatasi zake mezani akawasimulia yaliyompata, bila kutaja nyumba ya mtu, ingawa wengi walikuwa wanaijua. Alisema alipewa kazi ya kuhesabu watu, naye akaanza kuwafuata. Alisema anayefungua tovuti yao anafanya hivyo kwa sababu hana pengine pa kuuliza bila kuonekana.

Mjumbe hakuridhika. Mwenyekiti ndiye aliyefunga mjadala, kwa sauti ileile ya wodini iliyowafanya wote wainame kumsikia.

"Tulikuwa tunavuta pazia hata kwa mgonjwa asiye na fahamu," alisema. "Mimi sitaki kuwa nimestaafu ili nianze kuchungulia."

Wakachagua chombo cha tatu, na wakakubaliana kuandika chini ya kila ukurasa, kwa maneno ya kueleweka, kwamba hapa tunahesabu tu, hatumfuati mtu. Mjumbe alipiga kura ya kukataa, akasema iandikwe. Ikaandikwa.

Ya harusi nayo yalichukua mkondo wake. Shangazi alishikilia msimamo wiki nyingi, akisema damu ya watu si ya kuchezewa. Kijana, kwa ule upole wake, aliwaambia wakubwa zake kwamba yeye jambo hili alilijua zamani, na kama wamelisikia leo wasimpe yeye mshangao wao. Hawakumaliza kukubaliana, ila waliishiwa maneno. Harusi ikafungwa, nyuma ya wakati uliokusudiwa, na shangazi hakufika; alituma sufuria kubwa yenye kifuniko, ambayo kila mtu aliitafsiri kwa namna yake. Mama wa binti alicheza mpaka kilemba kikafunguka. Antena alisaidia kupanga viti na kuvipangua. Bibi harusi alimsalimia vizuri, shikamoo mjomba, akapita.

Ilikwenda hivyo miezi kadhaa. Antena alizoea chombo chake kilichopooza. Asubuhi alikifungua mara moja, akasoma, akakifunga, kisha akazunguka chumba kwa sababu mikono haikuwa na la kufanya. Hakuna nukta, hakuna mji. Lakini palikuwa na jambo moja ambalo hata chombo kile kipole hakikuacha kulisema. Ukurasa wa ndoa ulifunguliwa kuliko kurasa zote za tovuti, na ndio uliofungwa upesi kuliko zote. Alilitazama hilo wiki baada ya wiki bila kulielewa. Mwisho akapiga moyo konde, akampigia mpwa wake simu. Alimwambia hana neno lingine, ana shida ya kazi: kuna ukurasa watu wanaukimbia, na yeye ndiye anayejua kukagua maandishi.

Alikuja Jumamosi mchana. Hakutania, lakini alikaa. Aliusoma ukurasa wote, mkono shavuni, kalamu ikigonga meza. Ulianza na asili ya neno kifafa, ukaendelea na ubongo, ukafika kwenye aina za degedege, ukaingia kwenye takwimu za nchi mbalimbali, na huko chini kabisa, aya ya mwisho, ndipo palipokuwa na jibu la swali lililoulizwa kichwani.

"Nani aliandika hiki kitu?" aliuliza.

Antena alisema ni yeye, akisaidiwa na daktari.

"Mtu anauliza kama ataolewa, nyinyi mnamchorea ubongo." Akavuta kibao cha herufi upande wake. "Ndiyo maana hakai. Anashuka, anachoka, anaondoka bila jibu. Kesho anarudi kujaribu tena."

Alifuta aya ya kwanza yote. Antena alitaka kuitetea, akajizuia. Binti akaweka vidole juu ya herufi, kisha akaandika mstari wa kwanza wenye neno moja: Ndiyo. Akaweka nukta. Chini yake akaanza sentensi ya pili, akasita kwenye neno mgonjwa, akalifuta, akamuuliza mjomba wake kwa nini ukurasa mzima unamwita mtu mgonjwa, ikiwa anakwenda kazini na kulipa kodi ya nyumba yake. Antena akasema ndivyo daktari alivyoandika. Binti akasema daktari siye anayeuliza kama ataolewa. Wakabishana hapo muda mrefu, neno kwa neno, huku Antena akizunguka meza, akirudi kuchungulia begani kwake, akizunguka tena, mpaka mpwa wake akamwambia ama akae ama ashuke dukani akanunue chai, maana anamtia kizunguzungu. Akashuka kununua chai.